Pale Chupa Ilipoteleza

Fundi wa redio aliye nyuma ya soko la Kisii ni kijana wa umri wa mjukuu wangu, lakini ndiye mtu pekee aliyebaki mjini ambaye hukubali kusikiliza habari za santuri ninayoitafuta. Wengine wamechoka nami. Marehemu mke wangu alichoka mapema, wanangu wakachoka wakiwa bado shuleni, na wauza kanda wa zamani ambao nilikuwa nikiwasumbua kila siku ya soko wamekufa au wamegeukia kuuza simu. Huyu kijana hajachoka kwa sababu nimemjua mwaka mmoja tu. Jumatatu iliyopita alinipigia simu akasema, "Omogaka, ile ngoma yako imepatikana." Omogaka ni mzee, kwetu ni neno la heshima. Ngoma, kwa vijana, ni wimbo wowote ule.

Nilivaa koti la kanisani ingawa haikuwa siku ya kanisa. Nilipofika aliniketisha kwenye kigoda katikati ya spika zilizofumuliwa, akamtuma mtu chai, akaanza kutafuta waya fulani ambao haukuonekana. Nami nilipokuwa nikiungoja waya ule, chai ikipoa mkononi, nilirudi miaka mingi nyuma. Hebu rudi nami, rafiki yangu, kwa sababu bila hivyo hutaelewa kwa nini mzee wa miaka sabini alivaa koti la kanisani ili kuisikiliza kompyuta.

Nililelewa na nyanya yangu mlimani, mbele kidogo ya Nyakoe ukitoka Kisii. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo lakini ilikuwa na mabati, jambo la fahari wakati huo, kwa sababu babu alikuwa amepanda chai mapema kuliko wenzake. Asubuhi tulichuma majani chai hadi vidole vikawa vyeusi, tukapeleka vikapu kituoni, tukarudi kula ndizi za kuchemsha na maziwa lala. Mchana mvua ilinyesha. Ilikuwa inanyesha karibu kila siku saa nane au tisa, mara nyingine mvua ya mawe, na mabati yakipigwa hivyo hakuna aliyemsikia mwenzake. Ndipo nyanya alipokuwa akichambua chinsaga, ile mboga yetu chungu, akiiloweka katika maziwa ili uchungu upungue, huku midomo yake ikiimba nyimbo za kitabu cha kanisani ambazo hatukuzisikia.

Sisi tulikuwa Wasabato. Jirani yetu alikuwa Mkatoliki, mwanamume mseja aliyetengeneza baiskeli, na nyumba yake ya nyasi ilitenganishwa na yetu na ua wa maua ya njano wenye pengo katikati. Pengo lile lilikuwa njia ya moto. Moto wetu ukizimika asubuhi, nyanya alinituma na kigae nikaombe makaa kwake, na wake ukizimika alikuja yeye kwetu. Nyanya alikuwa na msemo kwamba jirani ndiye moto wako wa akiba. Ndizi zikiiva alipitisha bakuli penye pengo, na bakuli halikurudi tupu: lilirudi na viazi vitamu, au na jembe letu lililotiwa mpini mpya. Jirani alimwita nyanya "mama," kwa sababu alikuwa rika la mama yake.

Jirani huyo alikuwa na gramafoni ndogo ya betri. Betri zilipochoka alizianika juani kwenye ungo, pamoja na wimbi, zikapata nguvu ya nyimbo mbili tatu zaidi. Na alikuwa na katoni ya santuri za bendi ndogo ndogo ambazo kampuni kubwa hazikuzitaka: mwalimu na shemeji zake, makuli wawili wa kiwanda, vipofu wa soko fulani. Watu waliokopa gitaa, wakasafiri hadi Nairobi na kuku wa kumpa mwenye mashine ya kurekodi, wakarudi na santuri zao wenyewe na kuziuza wenyewe juu ya baiskeli. Hizo ndizo alizozipenda. Aliniambia wenye sauti nzuri ni wengi, lakini mtu aliyeuza mbuzi wake ili asikike hawezi kuimba uongo.

Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Bendi yake ilikuwa ya watu watatu: mpiga gitaa aliyeimba, mwenzake wa gitaa la pili, na jirani yangu aliyepiga chupa. Usicheke. Chupa ya soda yenye mistari mgongoni, ukiikwaruza kwa msumari na kuigonga, ndiyo iliyokuwa ngoma yetu. Walitengeneza santuri moja tu. Upande wa kwanza ulikwenda vizuri. Upande wa pili ulikuwa wimbo wa mtu anayemwomba mama yake asifunge mlango, kwa sababu bado yuko njiani na mvua imemshika. Katikati ya wimbo ule mkono wa jirani ulilowa jasho, msumari ukateleza, chupa ikatoa mlio wa kwaruu, ikanyamaza mapigo mawili, kisha ikarudi. Waliomba warudie. Mwenye mashine akawaambia kundi lingine liko mlangoni. Basi kosa lile likachapishwa katika kila santuri, likauzwa Nyakoe na Ogembo mpaka Nyamira.

Baadaye mpiga gitaa alikwenda kwenye mashamba ya chai ya Kericho na hakusikika tena. Wa pili alikufa kwa homa. Santuri zikauzwa, zikavunjika, zikapotea, na jirani akabaki na moja.

Jumamosi alasiri, ibada ya pili ikiisha, nilipita penye pengo. Kwetu redio haikuguswa tangu jua la Ijumaa lizame hadi la Jumamosi lizame, na muziki wa dunia haukuguswa siku yoyote. Lakini nyanya aliniona nikienda na hakuniuliza. Akiulizwa na wageni, alisema nimeenda kumsaidia jirani kushika gurudumu. Kwa kweli gurudumu nililishika, maana alikuwa akifanya kazi na muziki ukicheza, mikono yake imejaa grisi, na mimi ndiye niliyekuwa nabadilisha santuri kwa vidole safi. Nilijua jina la kila bendi. Nilikuwa na daftari, nikaandika humo nani anapiga nini, wimbo una dakika ngapi, gitaa linaingia wapi. Shuleni nilishika nafasi za nyuma, lakini kwa daftari lile ningepata cheti.

Wimbo wa mlango ulichezwa mwisho siku zote. Ulipokaribia katikati jirani aliacha kazi, akainua kidole kimoja cheusi kwa grisi, na chupa ilipoteleza akasema, "Hapo." Kisha akacheka kidogo na kurudi kwenye mnyororo wake. Siku moja nilimuuliza kama anaona aibu. Akasema, "Wenzangu hawapo. Hapo ndipo najua kwamba mimi nilikuwapo."

Sasa nifike mahali nisipopapenda.

Mwaka nilipotimiza miaka kumi na minne, jirani alianguka na baiskeli ya mteja akavunjika mguu. Walimpeleka hospitali ya misheni akalazwa wiki nyingi. Kabla ya kubebwa aliniita. Nyasi za nyumba yake zilivuja na mchwa walikuwa wengi, akasema katoni ya santuri ikae kwetu chini ya mabati. Niliogopa kumwambia nyanya, lakini nilipomwambia hakubisha. Alifunika katoni kwa shuka lake kuukuu, akaiweka mwenyewe juu ya dari mbali na moshi, akasema, "Vitu vya mtu aliye mgonjwa haviguswi. Hata wewe." Nyanya ambaye hakuwahi kuucheza wimbo mmoja wa dunia aliilinda katoni ile kana kwamba ni ya mwanawe.

Mwezi wa nane yakaja makambi. Aliyekulia kwa Wasabato anajua ninachosema: wiki nzima tuko uwanjani, familia na familia, vibanda vya turubai na majani ya migomba, masufuria, kuni, watoto, harufu ya nyasi iliyokanyagwa. Ijumaa kina mama walipika chakula cha siku mbili. Sabato ya mwisho mhubiri mgeni alihubiri mpaka watu wakalia, kisha akatangaza kwamba kesho yake, Jumapili asubuhi, kabla ya kuvunja kambi, kila mwenye kitu kilichomfunga na maisha ya zamani akilete kichomwe.

Wazee walileta mirija yao ya kunywea pombe, mirefu, myeusi kwa miaka. Mmoja alileta kiko. Mama mmoja alileta shanga za kiunoni akiwa amezifunga katika kitambaa ili zisionekane. Kila mmoja aliitwa mbele, aliimbiwa, alikumbatiwa. Vijana wa rika langu walikuwa na tumbaku, mmoja alikuwa na kamari ya karata. Mimi sikuwa na kitu. Niliwatazama, na ninakuapia, sikuwa na toba moyoni, nilikuwa na wivu. Nilitaka nami niwe na dhambi ya kuweka pale, dhambi kubwa, inayoonekana, watu waiimbie.

Kutoka uwanjani hadi nyumbani ni mwendo wa dakika chache. Nyanya alikuwa akifunga masufuria. Nilikimbia, nikapanda dari, nikalirudisha shuka mahali pake likiwa limevimbishwa kwa maganda ya mahindi, nikaja na katoni kichwani. Watu walinong'ona waliponiona, maana santuri nyingi kama zile hawajapata kuziona. Mhubiri alizitazama, akanitazama. Alikuwa mtu mwema, nisimsingizie. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Hizi ni zako, kijana?"

Nikasema, "Ni zangu."

Santuri haiungui kama mrija. Hujikunja kwanza kama mkono wa mtu anayeomba, kisha hutoa moshi mweusi mzito unaoshika koo. Waliniimbia beti nne. Nyanya alikuwa upande wa pili wa uwanja, ameinama juu ya mizigo yetu, na moshi wote ulielekea kwake. Aliuona moshi tu. Hakuona kinachoungua, na kwetu kilichotubiwa makambini hakisimuliwi tena.

Jirani alirudi na mkongojo baada ya mvua za Septemba kuanza. Siku ile ile alikuja penye pengo akaniita, akitabasamu, akaomba katoni yake. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na wiki tatu za kujiandaa. Nilimwambia, "Nyanya alizichoma. Alisema ni za shetani."

Hapa lazima nikueleze jambo la kwetu, usije ukafikiri nilibahatisha. Tuna heshima tunayoiita chinsoni. Mtu hamkabili kwa ugomvi yule aliye kwenye nafasi ya mzazi wake. Hamwiti kumuuliza, hamtazami usoni kwa hasira, haingii kwake na lawama. Na mzazi naye hamwendei mtoto mtu mzima nyumbani mwake kudai maelezo. Jirani alimwita nyanya mama. Nilijua hatamuuliza. Nilijua naye nyanya hatamwendea. Nililijenga neno langu juu ya heshima yao, kama mtu anayejenga juu ya mwamba, na halikutikisika hata siku moja.

Alisimama na mkongojo wake. Akasema, "Mama yule?" Kisha akasema, "Sawa." Akageuka.

Kesho yake alikata matawi ya mchongoma akaziba pengo. Nyanya alikwenda na bakuli la ndizi asubuhi, akakuta miiba. Alisimama pale kidogo, bakuli mkononi, akalizungusha kana kwamba anatafuta mahali pengine pa kulipitishia. Akarudi akaliweka mezani. Moto wetu ulipozimika nilitumwa kuomba makaa nyumba ya tatu, kule chini mtoni, na mara nyingi makaa yalikufa njiani.

Mara moja tu aliniuliza. Tulikuwa tunamenya ndizi, maji meusi ya maganda yakitutia madoa mikononi. Akasema, "Wewe ulikuwa ukishinda kwake. Nilimkosea nini mtoto yule?"

Nikasema, "Sijui, nyanya."

Na katoni? Utaniuliza. Alijua haipo. Siku jirani aliporudi nilimwambia nyanya kwamba nimeshampelekea, na shuka akalikuta limekunjwa vizuri. Aliniambia nimefanya vyema.

Niliendelea na shule, nikamaliza kidato cha nne kwa matokeo yasiyofaa kutajwa, nikapata ukarani katika kituo cha kununulia majani chai. Mapenzi ya muziki hayakuniacha. Ningependa kusema ilikuwa toba, lakini muziki niliupenda tu. Kanda zilipokuja nilinunua kanda. Bendi ndogo ikisikika itapiga mbele ya duka Ogembo, niliomba ruhusa ya ugonjwa nikaenda. Nilituma kadi za salamu redioni nikiomba nyimbo ambazo mtangazaji hakuwahi kuzisikia. Mke wangu alisema mshahara wa wengine huleta mabati, wangu huleta kelele. Kila mahali niliuliza ile santuri ya mlango. Nilijiambia nikiipata nitampelekea jirani, na siku hiyo ndiyo nitasema ukweli, nikiwa na kitu mkononi. Bila kitu mkononi niliogopa. Hivyo kutafuta kukawa ndiyo sababu ya kutosema, na miaka ikanipita nikitafuta kwa bidii sana.

Nyanya alitangulia. Siku ya mazishi watu walijaa hadi barabarani. Jirani hakuvuka. Alisimama upande wake wa mchongoma, ambao sasa ulikuwa umeota na kuwa ua kamili, amevua kofia, mvua inamnyea. Nilimwona nikiwa na koleo mkononi. Zilikuwa hatua ishirini. Sikuzipiga.

Yeye aliishi miaka mingine mingi. Alipougua nilipewa habari, nikaamua kwenda Jumapili. Jumapili hiyo kulikuwa na bendi Ogembo, vijana watatu waliojirekodi wenyewe, watu walisema wana gitaa la kizamani. Nikasema nitamwona jirani kesho. Vijana wale walipiga vizuri, sitasema uongo. Niliporudi kabla ya jua kuzama nilisikia vilio nikiwa bado kwenye kona. Sijawahi kuiuza kanda niliyoinunua siku ile, wala sijawahi kuicheza.

Waya ulipatikana. Fundi akafuta mikono, akaniambia bahati yangu ni kubwa: mtu wa Ogembo alileta gunia la santuri za marehemu baba yake, wimbo wangu ulikuwamo, yeye akaunakili kwenye kompyuta kabla mnunuzi wa vitu vya kale kutoka Nairobi, ambaye hakuacha hata namba ya simu, hajalibeba gunia lote. Akabonyeza.

Gitaa likaingia pale pale nilipoliandika katika daftari. Nilijua pumzi ya kila mstari. Mama asifunge mlango. Chupa ilikuwapo nyuma, kwaru kwaru, mkono wa jirani yangu, kijana, mzima, asiye na mkongojo. Nilisahau niko wapi. Wimbo ulipokaribia katikati kidole changu kikainuka chenyewe.

Chupa haikuteleza. Ilipita pale sawasawa kama saa ya ukutani, ikaendelea.

Nilimwomba arudie. Akarudia. Ikapita tena. Nikamuuliza kama wimbo huu ndio wenyewe, maana pale palikuwa na mlio, na kimya. Akafurahi kwamba nimegundua.

"Hiyo nimeitoa, omogaka. Kulikuwa na kelele mbaya na shimo. Nikakata mahali pazuri nikajazia. Huwezi kujua."

Nikauliza ile ya kwanza kabla hajaikata iko wapi. Alisema alishaifuta, zinajaza nafasi. Kisha aliutazama uso wangu, tabasamu likampungua. "Kwani ilikuwa ya maana?"

Ningeweza kumwambia. Alikuwa amekaa hapo, ana muda, ana masikio. Nikasema, "Hapana, mjukuu wangu. Umefanya kazi nzuri."

Wimbo uko kwenye simu yangu sasa. Jioni nikiwa peke yangu nyumbani naucheza. Shamba la jirani liliuzwa, mwenye nalo amepanda mikaratusi na hakai hapa. Mchongoma umekuwa mrefu kuliko paa, siku hizi hupitishi hata mkono. Nakaa nikiutazama, na wimbo ukifika katikati nainua kidole.